Nani Hulipia Runinga ya Eldoret?

Eldoret haijawahi kukosa habari za kuonyesha. Karibu nayo kuna Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984. Mjini kwenyewe kuna hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa kutoka magharibi yote ya Kenya, viwanda vya nguo na vya mbao, na bohari za Bodi ya Nafaka ambako malori ya mahindi hupanga foleni msimu wa mavuno. Wanariadha wanaofanya mazoezi kwenye barabara za vumbi za kuelekea Iten hutazamwa na mamilioni ya watu wanapokimbia Boston na London. Tarehe 15 Agosti 2024 mji ulikabidhiwa hati ya kuwa jiji la tano nchini. Pamoja na hayo yote, mkazi wa Langas au Kapsoya akiwasha runinga saa moja jioni, taarifa anayoipata imehaririwa Nairobi, imesomwa Nairobi, na tangazo la sabuni linaloikatiza limeuzwa Nairobi. Eldoret huonekana kwenye skrini pale mwanasiasa mkubwa anapozuru, bei ya mahindi inapozua rabsha, au mtu anapouawa.

Sababu inayotolewa haraka ni kwamba mji ni mdogo na wenyeji hawana pesa za kulisha kituo chao. Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito. Ukifuata historia ya vituo vidogo vya Afrika Mashariki kwa miaka sitini na zaidi, ni vigumu kukitaja hata kimoja kilichoishi muda mrefu kwa matangazo ya biashara ya mtaani kwake peke yake. Vilivyodumu vilikuwa na mfuko mwingine nyuma yao: wa serikali, wa kanisa, wa lugha, hata wa mabasi. Visivyokuwa na mfuko vilizimika au vikahama, na wakati mwingine vilizimika huku watazamaji wakivipenda. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayetaka kufungua runinga Eldoret si wafanyabiashara wangapi watanunua matangazo. Ni mfuko gani utakaoibeba, na mwenye mfuko anataka nini.

Runinga ilipoingia Kenya mwaka 1962, kwa kipimo cha eneo ilikuwa runinga ya mtaa. Mtambo wa kwanza ulifungwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na mawimbi yake yalifika takribani maili 15 tu. Waliotazama walikuwa wachache wenye uwezo, wengi wao Nairobi na viunga vyake. Shirika lililoiendesha lilianzishwa kwa matumaini kwamba biashara ingelilisha, lakini hesabu hazikwenda hivyo. Mwaka 1964 serikali ya Kenya huru ililichukua na kuliita Sauti ya Kenya. Siasa ilikuwa sababu kubwa ya hatua hiyo, wala hakuna haja ya kujifanya vinginevyo, ila pia palikuwa na ukweli wa mezani kwamba hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuubeba mzigo huo. Kituo cha pili kilifunguliwa Mombasa mwaka 1970. Nyanda za juu za Bonde la Ufa zilihudumiwa kwa mtambo wa Timboroa, kwenye vilima ambako reli ya Uganda hupita mwinuko wake wa juu kabisa kabla ya kuteremka kuelekea Eldoret. Mtambo wa Timboroa ulipokea picha za Nairobi na kuzirusha mbele. Studio haukuwa nayo. Tangu mwanzo, basi, Eldoret iliunganishwa na runinga kama mpokeaji, na mpangilio huo wa mitambo ukageuka kuwa mpangilio wa fedha: pesa za matangazo ziliingia pale picha zilipotoka.

Kisiwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwezi Januari 1974 Zanzibar ilifungua televisheni yake, na ya rangi, inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo kusini mwa Sahara, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994 ndipo ikapata stesheni za kwanza. Visiwa vyenye watu wachache kuliko wilaya kadhaa za bara vikiwekwa pamoja viliwezaje? Viliweza kwa sababu bei ya karafuu ilikuwa nzuri na serikali ya mapinduzi iliamua kuzitumia fedha hizo kujionyesha. Hakuna aliyekaa chini kuhesabu ni maduka mangapi ya Darajani yangenunua sekunde 30. Mfuko ulikuwepo, mwenye mfuko alijua anachokitaka, na runinga ikawa. Mfano huu unafaa kukumbukwa kila mtu anaposema kwamba idadi ya watu ndiyo inayoamua.

Kenya ilifungua mlango kwa watu binafsi mwaka 1990, KTN ilipoanza kurusha matangazo Nairobi. Kwa miaka mingi baadaye leseni zilitolewa mojamoja, na ukaribu na wakubwa ulikuwa na thamani kuliko mpango wa biashara. Aliyepata masafa alitakiwa kununua mtambo wake mwenyewe, kuusimika mlingoti kilimani, kuulipia umeme na dizeli ya jenereta, na kumweka mlinzi usiku na mchana. Gharama hiyo haikujali kama chini ya mlingoti kuna watu 50,000 au milioni tatu. Mwekezaji mwenye akili timamu aliuweka mlingoti wake wa kwanza Nairobi, wa pili Mombasa, na miji mingine ikasubiri zamu. Eldoret ilipofikiwa, ilifikiwa na chaneli zilezile za Nairobi.

Hapa inafaa kuingia katika hesabu zenyewe. Sensa ya 2019 iliihesabia Kaunti ya Uasin Gishu watu 1,163,186 katika kaya takribani 305,000. Nchi nzima ilikuwa na kaya kama milioni 12.1, na asilimia 40.7 kati yake zilikuwa na runinga inayofanya kazi. Tukichukulia kwamba Uasin Gishu inalingana na wastani wa nchi, tunapata kaya kama 124,000 zenye runinga, yaani nyumba moja kati ya kila arobaini zenye runinga Kenya. Mtu atasema mawimbi hayajui mipaka ya kaunti, na ni kweli. Ukiongeza Nandi, Elgeyo Marakwet na Trans Nzoia unapata watu karibu milioni 3.5, ambao ni kama asilimia saba ya Wakenya. Si haba: kuna nchi nzima zenye watu wachache kuliko hao. Lakini wakala wa matangazo aliyeketi Westlands jijini Nairobi, akigawa bajeti ya kampuni ya simu au ya unga, hanunui kaunti nne. Ananunua nchi, na chaneli tatu au nne kubwa humpa nchi pamoja na hizo kaunti nne ndani yake. Kwa nini alipe mara ya pili?

Anabaki mfanyabiashara wa Eldoret mwenyewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, shule ya kibinafsi, hoteli au agrovet. Huyu yupo, na pesa anazo. Majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa zawadi za mbio yanatosha kuwa ushahidi. Tatizo ni kile anachokitaka. Anataka tangazo liende hewani kesho kwa sababu mbolea imefika leo, anataka kulipa kiasi kidogo kwa M-Pesa, na anataka kuona wateja wakiingia dukani wiki hiyohiyo. Redio humpa hayo kwa dakika moja ya mtangazaji kusoma karatasi. Runinga humtaka asubiri mpiga picha aje, apige, picha ziingizwe kwenye kompyuta, zikatwe, zipambwe kwa maandishi na sauti, na bei ya kutengeneza tangazo lenyewe inaweza kuishinda bei ya kulirusha. Ndiyo maana hoja inayotolewa mara nyingi, kwamba redio ndogo zinaishi kwa hiyo na runinga ndogo zitaishi, haina miguu. Chukua habari moja: wakulima wanalalamika kwamba bohari ya Moi's Bridge imekataa mahindi yenye unyevu. Redio humpigia simu mkulima mmoja na afisa mmoja, na habari imekamilika. Runinga hutuma gari, dereva, mwandishi na mpiga picha. Hurudi na saa nzima ya picha. Mhariri hukaa nayo alasiri yote. Mwisho hutoka habari ya dakika mbili. Kesho yake taarifa ya nusu saa inataka habari nyingine kumi na mbili za namna hiyo. Kituo kidogo hakina watu wa kuzitengeneza, kwa hiyo hujaza saa kwa nyimbo, mahubiri na marudio, na mtazamaji aliyetafuta habari za kwao hubonyeza rimoti.

Vituo vilivyokita mizizi katika eneo hili vilipata njia ya kuikwepa hesabu hiyo. Sayare, kituo cha Kikristo chenye redio na televisheni kilichoanzishwa na Mchungaji Eli Rop, kina makao yake Eldoret kwenyewe. Kwa kawaida kituo cha dini hakimtegemei muuza saruji peke yake. Kina waumini wanaotoa sadaka, kina wahubiri wanaonunua muda ili wasikike, na kina watu wanaofanya kazi kwa wito hata pale mshahara unapochelewa. Zaidi ya hayo, ibada ya Jumapili ni saa mbili au tatu za picha ambazo hazihitaji gari kwenda Moi's Bridge. Kwa mhasibu, huo ni muujiza mdogo. Wapo wanaozibeza runinga za dini kwamba si runinga za mtaa, kwa kuwa mahubiri yanayorushwa Eldoret yangeweza kurushwa Kitwe au Kumasi bila kubadilishwa neno. Hoja ina uzito, ila haiondoi ukweli kwamba ni kanisa lililoweka studio mjini wakati wenye mabilioni walitosheka na kupachika kisambaza mawimbi.

Njia ya pili ilikuwa lugha. Kass FM ilianza 2005 kwa Kikalenjin, ikapata wasikilizaji wengi sana katika Bonde la Ufa, na baadaye kundi hilohilo likafungua Kass TV. Jina lake pia lilibebwa na mbio za marathoni zilizofanyika Eldoret, na hilo lilikuwa wazo la kibiashara zuri kuliko linavyoonekana: mbio huleta wadhamini, na udhamini ni pesa ambayo haipimwi kwa idadi ya runinga zilizowashwa. Lakini makao makuu yako Nairobi, kwa sababu mawakala na wadhamini wako huko. Lugha iliwapatia hadhira ambayo chaneli za Kiingereza na Kiswahili hazikuwa zikiihudumia, nayo ni hadhira ya taifa zima, kutoka Kericho hadi Kapsokwony na kwa Wakalenjin walio Nairobi. Royal Media ilifanya vivyo hivyo kwa Kikuyu ilipoanzisha Inooro TV mwezi Oktoba 2015. Hizi ni biashara zinazoeleweka, na zinathibitisha kwamba wakala yuko tayari kununua kabila lililotapakaa kabla ya kununua mji uliokaa mahali pamoja.

Lugha ilikuja na gharama yake. Novemba 2005, wakati wa kampeni za kura ya maamuzi, serikali iliifunga Kass FM kwa muda kwa madai ya uchochezi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mji wa Eldoret ulitokwa damu, na mauaji ya kanisa la Kiambaa tarehe 1 Januari 2008 yakawa alama ya msiba huo. Mtangazaji wa Kass, Joshua arap Sang, alishtakiwa The Hague na kesi ikasitishwa tarehe 5 Aprili 2016 bila yeye kutiwa hatiani. Haya si ya pembeni katika mjadala wa fedha. Kampuni kubwa huogopa jina lake kusikika jirani na fujo kuliko inavyoogopa mtambo mbovu, na kwa miaka kadhaa stesheni zilizozungumza kwa sauti ya mahali au ya kabila zilitazamwa kwa jicho la pembeni. Sheria ya mawasiliano iliyotiwa saini Januari 2009 ilikaza kamba za leseni na maudhui kwa wote, na kila kanuni mpya ina mtu wa kulipwa ili kuifuata: wa kumbukumbu, wa malalamiko, wa kuhakikisha vipindi vya nyumbani vinafikia kiwango kilichowekwa. Stesheni kubwa humwajiri mtu huyo. Ndogo humwongezea kazi yule aliye na kazi tatu tayari.

Kisha yakaja mabadiliko ambayo wengi waliamini yangeisawazisha mizani. Makubaliano ya Geneva ya 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa analogi. Katika dijitali, masafa yaliyobeba chaneli moja hubeba kumi na tano au zaidi, na anayetengeneza vipindi halazimiki tena kumiliki mlingoti, kwa sababu kampuni nyingine hubeba mawimbi ya wote. Kenya ilizipa kazi hiyo Signet, iliyo chini ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, na PANG ya Wachina. Magwiji watatu, Royal Media, Nation na Standard, walipinga hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu yake tarehe 29 Septemba 2014. Februari 2015 analogi ilipozimwa Nairobi, Citizen, NTV, QTV na KTN zilitoweka hewani kwa siku 19. Eldoret ilikuwa katika awamu ya pili ya kuzima. Ukasikika usemi kwamba zamu ya wadogo imefika. Ilionekana hivyo, kwani Kenya ilitoka katika chaneli zilizohesabika kwa vidole hadi zaidi ya 60 katika muda mfupi, nyingi zikiwa za miji na lugha ambazo hazikuwahi kuota kuwa na runinga.

Ninaona kwamba hapo ndipo wengi walipolisoma jambo vibaya. Dijitali iliondoa gharama ya kuingia na kuweka mahali pake gharama ya kukaa. Zamani ulinunua mtambo mara moja, na mwezi mbaya ungeweza kuupita kwa kuwanyima watu mishahara huku mlingoti wako ukiendelea kurusha. Sasa kila mwezi kuna ankara ya msambazaji wa mawimbi, na usipolipa unazimwa. Tena huduma hulipiwa kwa kila eneo. Kituo kinacholipia Eldoret pekee hakionekani Nakuru, kwa hiyo hakina la kumwambia wakala wa Nairobi. Kikilipia nchi nzima ili kiwe na la kusema, ankara inakimeza. Upande wa pili, kaya zilezile 124,000 zilizokuwa zikigawanywa na chaneli chache sasa zinagawanywa na makumi. Dijitali ilipanua jukwaa, ikaacha mfuko wa matangazo ukiwa uleule. Tusidhani walioteseka ni wadogo peke yao. Katikati ya 2016 Nation, mojawapo ya kampuni tajiri kuliko zote katika vyombo vya habari ukanda huu, iliamua kuifuta QTV, chaneli yake ya Kiswahili, na kuiunganisha na NTV. Kama Nation ilishindwa kuilisha chaneli ya pili kwa hadhira ya taifa zima, mwenye studio ya vyumba vitatu jijini Eldoret alikuwa akijaribu jambo gumu kuliko alivyoambiwa.

Ukitaka kuona mji wa ukubwa wa kati wenye runinga yake, tazama kusini mwa mpaka. Morogoro ina Abood, redio na televisheni zilizobeba jina la familia ambayo Watanzania wengi waliijua kwanza kupitia mabasi, na mwenye nazo, Aziz Abood, amekuwa mbunge wa mji huo. Hapo fumbo linafumbuka lenyewe. Mfuko ni wa mabasi na biashara nyingine, biashara hizo ziko Morogoro, na jina zuri la mwenye mali Morogoro lina faida kwake hata mwezi ambao runinga haikuingiza chochote. Mwanza ilitoa mfano wa aina nyingine. Star TV ya Anthony Diallo ilizaliwa kando ya Ziwa Viktoria, ikatumia nguvu za Radio Free Africa, kisha ikakua kuwa chaneli ya taifa. Ilifaulu kwa kuacha kuwa ndogo. Mtu wa Eldoret anayesifu mfano wa Mwanza ajue anasifu njia ya kutoka mjini.

Wapo wanaosema serikali ndiyo ilipe, na hawakosei kwamba serikali ni mteja mkubwa. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, palikuwa na matumaini kwamba magavana wangetangaza zabuni, kampeni za chanjo na mikutano ya bajeti kupitia stesheni za nyumbani. Upande wa serikali kuu, mwaka 2015 ununuzi wa matangazo ulikusanywa chini ya wakala mmoja, na vyombo vya habari vikaishia kudai mabilioni ya shilingi ambayo hayakulipwa kwa wakati. Machi 2024 likaja agizo kwamba matangazo ya serikali yapelekwe KBC peke yake, agizo lililopingwa mahakamani. Kwa kampuni kubwa, deni la serikali ni kidonda. Kwa kituo cha watu wanane, deni la gavana mmoja ni kifo, na gavana anajua. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, lakini mkono uliojaa madeni ya kaunti hupigwa busu kila asubuhi kwa matumaini, na taarifa ya jioni huandikwa kwa namna ya kutomuudhi mtu. Michezo ya kamari nayo iliziba pengo kwa miaka kadhaa, mpaka wasimamizi wakaanza kuibana mwaka 2019 na kusimamisha matangazo yake kwa siku 30 mwezi Aprili 2025. Kituo kilichojengwa juu ya pesa za kamari hakikuwa salama kuliko kilichojengwa juu ya pesa za gavana.

Hata pale serikali inapolipa kwa wakati na bila masharti ya kisiasa, matokeo hayana uhakika. Uingereza iliamua kuwa na runinga za miji, ikatenga pauni milioni 40 kutoka ada ya BBC: milioni 25 kwa ajili ya mitambo, na milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitatu ili BBC inunue habari za vituo hivyo. Kituo kilichopewa leseni ya Birmingham, mji wa pili kwa ukubwa nchini humo, kilifilisika mwaka 2014 kabla hakijarusha picha hata moja. London Live, iliyoanza Machi 2014 katika mji tajiri kuliko yote ya nchi hiyo na ikiwa na gazeti la kuipigia debe, ilifungwa Januari 2025. Ikiwa runinga ya mji haikulipa London, hatuna haki ya kuwalaumu watu wa Eldoret kwa ukosefu wa bidii. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba Waingereza waliondoa gharama ya mlingoti karibu yote, na bado hesabu hazikutimia. Mzigo uliobaki ulikuwa wa kamera: watu, magari, saa za kuhariri. Huo haupungui kwa sababu hadhira ni ndogo.

Hapo kijana wa Eldoret mwenye simu nzuri atacheka. Atasema mlingoti na leseni ni mambo ya wazee; yeye anarusha moja kwa moja YouTube na Facebook, na matanga ya Kesses yanatazamwa na ndugu walio Minnesota. Ana hoja, tena hoja nzuri kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu ameondoa ankara ya kila mwezi na pia amewafikia Wakenya wa ughaibuni ambao ving'amuzi haviwafikii. Tena ameingia katika biashara ambayo runinga za mji zilipaswa kuigundua mapema: kulipwa na mwenye shughuli badala ya kulipwa na mwenye tangazo. Harusi, mahafali, mazishi, mnada wa ng'ombe, mashindano ya shule, zote zina mtu aliye tayari kulipa zionekane. Ila kwa upande wa matangazo ya biashara hali yake ni ngumu kuliko ya kituo kinachomtegemea wakala wa Westlands, maana bei sasa inapangwa California na mtazamo mmoja wa Kenya huuzwa kwa senti. Na kuna kazi ambazo mfumo wake hauzigusi. Mazishi yana mteja. Kikao cha kamati ya bunge la kaunti kinachopitia ripoti ya Mkaguzi Mkuu hakina, isipokuwa yule anayetaka kisionekane.

Tukirudi kwenye swali la mfuko, basi, mimi ningeutafuta mahali ambapo Bonde la Ufa tayari lina mazoea ya kuchanga. Vyama vya ushirika vya maziwa na vyama vya akiba na mikopo vya ukanda huu vina wanachama wengi wanaokatwa kiasi kidogo kila mwezi bila kelele, na biashara yao, kama mabasi ya Abood, haihami. Mwanachama wa ushirika wa maziwa anataka kujua bei ya lita wiki hii, kama mbolea ya ruzuku imefika, barabara ya Ziwa imekatika wapi, na nani amepewa zabuni ya kisima. Shilingi chache za kila mwanachama, zikikatwa pamoja na makato mengine, zinaweza kuwalipa waandishi wanne na wapiga picha wawili. Ankara ya msambazaji wa mawimbi ingeweza kubebwa na Mfuko wa Huduma kwa Wote, ule uliowekwa na sheria ya 2009 na kuchangiwa na kampuni zenye leseni za mawasiliano, ambao umekuwa ukipeleka mtandao wa simu na intaneti ya shule kwenye maeneo yaliyosahaulika. Kumlipia mlingoti mtu anayetoa habari za Eldoret kwa watu wa Eldoret si kazi iliyo mbali na hiyo.

Pingamizi ninaloliona zito ni moja. Vyama vya ushirika vina siasa zao, wakati mwingine kali kuliko za kaunti, na mwenyekiti wa bodi anayelipa mishahara ya waandishi atataka kuonekana kila wiki kama gavana. Sina jibu la kuliondoa pingamizi hilo lote. Naona tu kwamba gavana hulipa akitaka, kwa bajeti ambayo mkazi wa Langas hawezi kuizuia, ilhali makato ya ushirika hupitishwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, ambako mwanachama mwenye ng'ombe wawili ana kura moja sawa na mwenye mia mbili. Akichoshwa na sura ya mwenyekiti kwenye runinga aliyoilipia, anaweza kusimama mbele ya wenzake na kudai makato hayo yasimamishwe, na mwandishi wa kituo hichohicho atalazimika kuamua kama ataiwasha kamera.